Tafuta: Mbuzi

Jumamosi saa moja asubuhi, mswaki haujafika mdomoni, Muyomba akapiga simu. Muyomba ndiye mjomba kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, na akipiga mapema hivyo kuna mambo mawili tu: kuna mtu amekufa, au kuna karatasi inatafutwa.

"Mukanda ya parseli ya Kambo iko wapi?"

Nikashusha pumzi. Hakuna aliyekufa.

Kambo ni babu, na parseli ni kiwanja chake kule Manika. Jumatatu Muyomba alitakiwa afike ofisini na fishi, ile karatasi ya kiwanja hicho, kwa sababu jirani alikuwa anajenga ukuta ambao kila asubuhi tuliukuta umesogea kidogo upande wetu, utadhani matofali yanatembea usiku. Fishi yenyewe ilishaliwa na mchwa ndani ya sanduku la bati, pamoja na nusu ya cheti cha ndoa cha Kambo, na mchwa kwa hekima yao wakabakiza nusu yenye jina la bibi peke yake. Lakini picha ya fishi ilikuwepo. Sote tulikumbuka kwamba ilikuwepo. Iliwekwa kwenye grupe la familia.

"Iko mu grupe," nikamwambia.

"Basi, uitoshe."

Wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa wasishangae: kwetu kutosha ni kutoa. Ingawa siku ile, nawaambia ukweli, hakuna kilichotoka wala kilichotosha.

Kwanza nilieleze hilo grupe. Linaitwa Kilio ya Kambo. Kilio ndio msiba wenyewe, watu wakikaa kwenye mikeka na wengine wakilala nje. Lilifunguliwa mwaka 2018 kwa siku nne, ili watu wachange pesa za jeneza, unga wa bukari (ugali wetu) na viti vya kukodi. Kambo akazikwa, viti vikarudishwa (kasoro viwili ambavyo mpaka leo vinakaliwa kwa watu fulani), grupe likabaki. Ndani yake wameoa watu watatu, wameachana wawili, yametangazwa matokeo ya mtihani wa Serikali, yamejadiliwa mabao ya Mazembe. Na hakuna aliyethubutu kubadilisha jina, maana ni kama kumfukuza marehemu nyumbani kwake. Kwa hiyo mtoto akizaliwa, simu yangu inatetemeka na kuandika: Kilio ya Kambo: Mutoto amezaliwa, Mungu asifiwe.

Mimi ndimi sekretere wa grupe hili. Sikuchaguliwa. Niliwahi kusoma enformatike miezi sita mjini Lubumbashi, na tangu hapo katika ukoo wetu televisheni ikikosa sauti, friji ikikosa baridi au ndoa ikikosa maelewano, naitwa mimi.

Basi nikakaa barazani na kikombe cha chai, nikabonyeza alama ya kutafuta, nikaandika "parseli". Hakuna. Nikaandika kwa Kifaransa, "parcelle". Majibu matatu, yote ya Muyomba mwenyewe, katika miaka mitatu tofauti, akiuliza: parcelle iko wapi? Nikaandika "fishi". Hakuna. "Fiche" ikaniletea shemeji anayelalamikia fishi yake ya mshahara, malalamiko marefu yenye hesabu, nikayasoma mpaka mwisho ingawa hayanihusu.

Nikajaribu "mukanda". Hapo ndipo nilipoingia porini.

Mukanda kwetu ni barua, na karatasi yoyote iliyoandikwa. Vilevile ni kitabu, na kitabu kinachotajwa kuliko vyote ni Mukanda wa Mungu. Tuna mama wawili kwenye grupe wanaotuma aya kila alfajiri. Tena kwa ndugu zetu Walunda na Wachokwe wa huku Lualaba, mukanda ni kambi ya kuwatahiri na kuwafunda wavulana, na mwaka juzi wajukuu wanne waliingia mukanda, wakatoka, wakapigwa picha wakicheza. Nikapata aya za Isaya, nikapata wavulana wamepakwa udongo mweupe, nikapata aya tena. Nilipoomba msaada kwenye grupe, "Ndugu, nani anakumbuka mukanda ya Kambo?", binamu yetu aliyeolewa na dereva wa lori kule Dar es Salaam akajibu papo hapo: "Mkanda gani tena, wa suruali?"

Huyu binamu tunamcheka kila siku kwa Kiswahili chake cha televisheni. Mkumbukeni, atarudi.

Nikabadili mbinu. Nikasema, picha ni picha, acha nipitie picha zote kwa jicho. Nikafungua ghala la picha za grupe, nikaanza kupandisha kidole.

Waridi. Waridi jekundu lenye matone ya umande, limeandikwa kwa Kifaransa "siku njema". Kikombe cha kahawa kinachotoa moshi, pembeni yake waridi. Njiwa, mshumaa, waridi. Mtoto wa Kizungu anasali, huyu simjui, lakini amesali kwenye simu yangu asubuhi zaidi ya mia. Kuna shangazi mmoja (simtaji, naye anajijua) ambaye toka 2019 hajakosa siku, mvua au jua, mega zikiwepo au za kuazima. Nikapandisha kidole mpaka kikapata joto. Katikati ya maua hayo nikaona kitu cheupe chenye mistari, moyo ukaruka, nikakifungua: orodha ya bei za saruji. Nikaendelea. Nikaona kingine cheupe chenye mistari: shati la Muyomba.

Kufikia saa tano nilikuwa nimefika mwaka 2021 na nimesahau ninachotafuta.

Mnaweza kuuliza, kwa nini usitafute kwa maneno yaliyosemwa siku ile picha ilipotumwa? Nilijaribu. Nilikumbuka kuna mtu alisema amelipa pesa za fishi. Nikaandika "lipa". Simu ikanipa ujumbe mmoja tu, wa kasisi: Bwana atusaidie taifa lipate amani.

Nilibaki natazama kioo. Nina hakika kabisa kwamba katika grupe hili watu wamelipa, wamelipana, wamelipiziana, na zaidi ya yote hawajalipa. Maneno hayo yako wapi? Ndipo kile kisomo changu cha miezi sita kikarudi kidogo. Mashine haisomi ujumbe wako wote kila unapouliza. Inatengeneza mapema orodha ya maneno, kama faharasa ya nyuma ya kitabu, na kila neno limeandikiwa mahali lilipo. Ukiuliza, inakwenda kwenye orodha na kuanza na herufi ya kwanza. Kwa Mfaransa na Mwingereza sawa, maneno yao yanabadilika mkiani. Sisi tunabadilisha kichwani. Nimelipa anakaa kwenye N, walilipa kwenye W, hatujalipa kwenye H pamoja na hatujala na hatujalala. Kitenzi cha Kiswahili hakitoki nje bila kofia, na simu yangu inamtambua mtu kwa kofia.

Waliotunga kamusi walilijua hili zamani. Frederick Johnson katika kamusi yake ya mwaka 1939 alivipanga vitenzi kwa mizizi, ukimtaka lipia au lipisha unamkuta nyumbani kwa baba yake lipa. Miaka zaidi ya themanini baadaye, simu yenye nguvu ya kupiga picha mwezi haijui kumvua mtu kofia.

Tena hiyo ni kwa Kiswahili cha vitabuni. Ongeza chetu. Wengine kwenye grupe wanaandika mtoto, wengi wanaandika mutoto, vijana wanaandika mtt, na aliyesoma sana anaandika enfant. Herufi H huku kwetu ni ya kupenda: kuna anayesema habari, kuna anayesema abari, na wote wawili ni wazima. Nilisoma kwamba mwaka 1918 Mmarekani mmoja, Robert Russell, alipata hataza ya mfumo wa kupanga majina kwa jinsi yanavyosikika badala ya yanavyoandikwa, na baadaye mfumo wa namna hiyo ukatumika kupanga kadi za sensa kule kwao. Nikafurahi, nikasema huyu ndiye mtu wetu. Kisha nikaona sharti lake: herufi ya kwanza ya jina haiguswi, inabaki kama ilivyo. Habari na abari wakatengana tena, mmoja H, mwingine A, kama watu walioshushwa basi moja katika vituo viwili.

Na hayo yote ni kwa wanaoandika. Muyomba haandiki zaidi ya maneno matatu. Muyomba husema. Anatuma sauti, na sauti yake fupi kabisa ni dakika saba. Dakika ya kwanza anawasalimia wakubwa kwa vyeo vyao, ya pili anawasalimia wadogo kwa makosa yao, ya tatu anakohoa, ya nne kuna kuku nyuma. Jambo lenyewe linafika dakika ya sita, halafu anaombea familia. Mashine haisikii hata neno moja. Kwake, mambo yote mazito ya ukoo wetu tangu 2018 ni vijistari vya kijivu vinavyopanda na kushuka.

Sitaki kumlaumu sana Muyomba, maana ni ugonjwa wa kwetu, tena wa heshima. Mwaka 1965 pale Elisabethville, mtu anayeitwa André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji huo, kwa ajili ya chama cha waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi yake yanashikamana pasipotakiwa na kukatika pasipotakiwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian na Kalundi Mango walipoyashughulikia, kabla kitabu hakijatoka mwaka 1990, ilibidi yasomwe kwa sauti ndipo maana ijitokeze. Karatasi ilikuwa imebeba mdomo. Leo maandishi hayo yako kwenye intaneti, yeyote anaweza kuyafungua, na nawatakia kila la heri wale watakaoandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia.

Saa nane mchana nikaamua kutafuta kwa majina. Hapo nilijichimbia shimo mwenyewe.

Kambo alikuwa na jina la ubatizo. Mwaka 1972 rais wetu, aliyekuwa Joseph-Désiré na sasa akawa Mobutu Sese Seko, akaamuru raia waache majina ya Kizungu, na Kambo akachukua jina la babu yake na kulitanguliza. Utawala ulipobadilika la ubatizo likarudi, ila limezeeka, hata mwenyewe alikuwa haitiki vizuri. Kwenye grupe anaitwa Kambo, Papa, Mzee, Vieux, Marehemu, na kwa shangazi wa waridi, Malaika Wetu. Kwenye fishi alikuwa nani? Inategemea fishi ya mwaka gani.

Na mahali je? Kijana wa miaka kumi na tisa, Kambo alibeba zege kwenye bwawa walilolijenga Wabelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1950 juu ya Lualaba, karibu na hapa, ili migodi ipate umeme. Bwawa wakaliita Delcommune, jina la mpelelezi wao. Baadaye likaitwa Nzilo. Lile la pili, Le Marinel, likawa Nseke. Francqui ikawa Mwadingusha, Bia ikawa Koni. Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville Likasi. Nchi ikawa Zaire mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba, mwaka 1997 majina hayo mawili yakaondoka, na mwaka 2015 sisi tukakatwa tukawa Lualaba. Kambo katika maisha yake alihama mara moja, kwa baiskeli, kutoka mtaa mmoja wa Kolwezi kwenda mtaa wa pili. Lakini ukitaka kumtafuta kwa anwani utadhani alikuwa mwanadiplomasia.

Na mpaka anakufa hakuwahi kusema Nzilo. Alisema Delkomini. Nikaandika "Nzilo" kwenye simu, nikapata picha za vijana wa ukoo wakichoma samaki kando ya ziwa. Nikaandika "Delkomini", nikapata hotuba ya maziko.

Saa kumi na mbili jioni umeme ukakatika.

Naomba mnielewe vizuri: mimi nakaa mwendo wa pikipiki tu kutoka kwenye bwawa la megawati 108 ambalo babu yangu alilibebea zege. Simu yangu ilikuwa na asilimia kumi na moja. Na betri ya hiyo simu, kama nyingi duniani, ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, kwa wingi hapa hapa. Kule Kasulo tangu mwaka 2014 watu wamechimba mpaka chini ya vitanda vyao. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kile nilichokishika mkononi kilikuwa kimetoka mtaa wa pili, kikazunguka dunia, kikarudi nyumbani, na sasa kinanifia kwa kukosa umeme wa Delkomini. Nikaenda kwa jirani mwenye jenereta. Jirani huyu siye wa ukuta. Huyo wa ukuta ana jenereta kubwa zaidi, lakini kuna mipaka, hata kama yeye haiamini.

Niliporudi, Mama Mukubwa alikuwa jikoni anatwanga sombe, yaani kisamvu, kwa mwanga wa mshumaa. Mama Mukubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Hajui kusoma. Simu anayo, ya vibonyezo, na namba za watu anazijua kwa alama za vidole juu ya vibonyezo, kama mpiga kinanda.

"Tangu asubui unachimba mu ile telefone," akasema bila kuinua macho. "Unatafuta nini?"

"Picha ya mukanda ya parseli, Mama."

"Si ni ile ya siku ya mbuzi?"

Nikasimama na chaja mkononi.

"Siku ya mbuzi gani, Mama?"

"Mbuzi yenye ilikulaka facture."

Watu wa migodi watanielewa. Zamani kabla ya mashine, na hata baada ya mashine kuja, mtu aliyetaka shaba huku alitazama majani. Kuna mmea mdogo wa maua ya zambarau, wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, unaokubali kuota penye udongo wenye shaba ambapo mimea mingine inakufa. Ukiuona umejaa mahali, chini yake kuna kitu. Mimi nilikuwa nimechimba siku nzima kwa sururu. Mama Mukubwa aliona ua.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Siku ya kupeleka mahari ya binti wa Muyomba, upande wa mume walikuja na kila kilichoandikwa kwenye facture: vitenge, sufuria, koti la baba mkwe, pesa, na mbuzi hai. Facture ni ile orodha ya mahari, kurasa mbili, wakubwa wameikalia vikao vitatu. Wakaiweka juu ya kigoda ili waisome kwa sauti na kuhakiki. Kabla ya kufika kipengele cha nne, kipengele cha tisa, ambaye ndiye mbuzi, akanyoosha shingo na kuila. Akala ukurasa wa pili wote na kona ya wa kwanza. Wageni wakasema basi, mambo ya ukurasa wa pili yameisha. Muyomba akasema hayajaisha, yako ndani ya mbuzi, na mbuzi ni wetu. Kelele zilizofuata zilisikika mpaka kanisani.

"Njo Yaya yako akasema, tupige foto ya mikanda yote ya mu nyumba, mbele mbuzi ao mchwa ikule," Mama Mukubwa akamalizia. "Akapiga apa, kwa mulango. Ilikuwa wakati ya bowa. Nilikuwa napika bowa."

Bowa ni uyoga. Kwetu uyoga unajaa na mvua za Desemba mpaka Februari. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amenipa tukio, mtu, mlango na msimu, kwa muda wa kutwanga kinu kimoja.

Nikaandika "mbuzi". Yakaja mengi: mbuzi wa Pasaka, mbuzi aliyeibiwa, mtu anamwita mwenzake mbuzi. Ya siku ile hayakuwemo. Nikakumbuka wengine wetu husema mbuji, nikaandika "mbuji", na simu ikanimwagia ujumbe wote wa miaka yote wa binamu zetu wanaokaa Mbuji-Mayi. Nikajiuliza: Yaya, yaani dada yangu mkubwa, akikasirika huandika kwa lugha gani? Nikaandika "chèvre".

Jibu moja. Tarehe ya Januari. Yaya, herufi kubwa tupu, alama saba za mshangao.

Nikaligusa, nikashuka chini kidogo, na pale, baada ya watu kumi na wawili walioandika "Amina" (mpaka leo sijui waliitikia nini), nikaiona. Mraba wa kijivu, umefifia kama kitu kilichoangaliwa kupitia mvuke wa chungu. Nikaugusa ufunguke. Simu ikanijibu kwamba picha hiyo haipo tena, nimwombe aliyeituma anitumie upya.

Nikampigia Yaya, Lubumbashi.

"Ile simu?" akasema. "Ile si ilingia mu maji, siku ya wale samaki?"

Hapo nikakumbuka picha za vijana kando ya ziwa. Kuna moja ambayo Yaya amesimama kwenye mtumbwi, mkono mmoja juu, anajipiga. Ndiyo ya mwisho kwa simu ile. Fishi ya Kambo iko chini ya ziwa Nzilo, ndani ya bwawa alilolijenga mwenyewe.

Nikaandika kwenye grupe, bila matumaini, tarehe na saa: ndugu, nani alifungua picha ya siku hiyo akaihifadhi? Kimya. Saa tano usiku, wakati nimeshalala, simu ikalia. Binamu wa Dar es Salaam.

Ni hivi: binamu hafuti kitu. Simu yake kila siku inamlilia kwamba imejaa, naye kila siku anaitazama tu. Ana waridi zote. Ana yule mtoto wa Kizungu kwa idadi nisiyotaka kuijua. Mume wake akirudi safari ya Kasumbalesa humwambia afanye usafi, naye humjibu kwamba vya nyumbani havitupwi. Nilipompa tarehe, akaenda moja kwa moja kwenye mwezi ule na kuitoa. "Ndiyo huo mkanda wenu?" akaandika.

Ndio. Fishi ya Kambo, wazi kabisa, namba ya kiwanja inasomeka, muhuri unasomeka, jina la baada ya 1972. Kona ya juu kulia kuna kidole gumba cha Yaya, kimepakwa rangi nyekundu, kimefunika maneno mawili matatu. Kitu kidogo.

Mimi nikaona nisirudie kosa. Nikaituma upya kwenye grupe na chini yake nikaandika: fishi, fiche, parseli, parcelle, mukanda, mkanda, karatasi, Kambo, Papa, Vieux, Malaika, Manika, ukuta, mbuzi, mbuji, chèvre, bowa. Shangazi wa waridi akauliza kama nimekunywa. Wengine thelathini na kitu wakaandika Amina. Kufikia alfajiri picha ilikuwa imezama chini yao, na juu yake, likiwa na matone ya umande, waridi.

Jumatatu saa nne asubuhi ikaingia sauti ya Muyomba. Dakika saba na sekunde arobaini. Nikaiweka kwa sauti kubwa ili na Mama Mukubwa asikie. Akasalimia wakubwa. Akasalimia wadogo. Akakohoa. Badala ya kuku, nyuma yake kulisikika kurasa nzito zikifunuliwa na mtu mwenye subira. Dakika ya sita tukajua: karani ameiona picha, ameikubali, ametoa rejista ya zamani kuhakikisha. Lakini rejista ile haijapangwa kwa namba wala kwa majina ya watu. Imepangwa kwa majina ya barabara, yale ya kwanza, ya kabla hayajabadilishwa. Na jina la kwanza la barabara yetu lilikuwa limeandikwa kwenye fishi, kona ya juu kulia.

"Huyu papa anauliza," ikasema sauti ya Muyomba, "ile barabara zamani ilikuwa inaitwa je?"

Nikamgeukia Mama Mukubwa. Aliweka mchi pembeni, akafuta mikono kwenye kitenge, akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa," akasema. "Ile ni murefu. Inaanza na kuku."